Korongo asiye na shingo

Wiki hii nimeupata tena ule ujumbe. Maneno hubadilika kidogo kidogo, roho yake ni ileile: "Kaka, picha hii hapa. Itie kwenye programu, uitresi iwe vekta, ndiyo jalada letu. Ni kubonyeza tu." Picha yenyewe ni ya korongo kasimama majini kwa mguu mmoja, nyuma yake matete. Imepigwa kwa simu, ikapita makundi kadhaa ya WhatsApp hadi ikachoka. Na mwishoni, ili nijue kwamba mwenzangu naye si mgeni wa mambo haya, kaongeza: "Tunataka vekta ili isipasuke."

Ili isipasuke. Nimeisikia mara nyingi mno, sasa naisikia hata nikiwa nimelala. Kwa asiyeujua mchezo: vekta ni mchoro unaoshikiliwa na nukta na mistari, badala ya pikseli, zile chembe ndogo za rangi zinazoiunda picha ya simu. Kutresi ni kuiachia programu ifuatishe picha yenyewe na kuigeuza vekta. Kupasuka ni picha kuonyesha vigae ikikuzwa.

Basi tupige hesabu kwanza. Jalada la mbele la kitabu cha A5 lina upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210. Ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, unapata 154 kwa 216. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, unachohitaji ni picha ya pikseli kama 1,819 kwa 2,551. Simu nyingi za siku hizi zinapiga picha kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kama ugonjwa ni kupasuka, dawa yake si vekta. Dawa ni kunitumia picha asilia kama faili, badala ya ile iliyokwisha kubanwa na kubanwa tena. Kitabu ni kitu cha kushikwa mkononi. Hakuna mtu atakayelikuza jalada lako mpaka lifunike ghorofa.

Sasa kama si kupasuka, vekta ni ya nini kwenye jalada? Ni ya kubadilisha. Jalada ni kazi ambayo kila mtu ana haki ya kuitia mkono: mwandishi, mhariri, mtu wa mauzo, na yule ndugu yake mwandishi "mwenye jicho la sanaa". Jina la kitabu litarefuka. Jina la mwandishi litataka kukaa juu. Ndege ataambiwa asogee, ainue kichwa, apungue unene. Mchoro uliochorwa vizuri kwa vekta unayapokea hayo yote bila kunung'unika, na kitufe cha kutresi kinaiua faida hiyohiyo moja.

Hata historia ya mistari hii inasema hivyo. Mipindo tunayoivuta kwenye Illustrator au Inkscape, programu zetu za kuchorea vekta, haikubuniwa kwa ajili ya wachoraji. Ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau akiwa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier akiwa Renault miaka ya 1960, ambaye ndiye jina lake lilibaki kwa sababu Citroën walifanya siri. Walichotaka ni kulieleza bodi la gari kwa nukta chache, ili mhandisi akisogeza moja, bati lote lipinde kwa ulaini. Nukta chache ndiyo siri yenyewe. Ukiwa nazo nyingi, umejirudisha kwenye pikseli kwa njia ndefu zaidi.

Turudi kwa korongo wetu. Nilimtresi, kwa hasira zaidi kuliko kwa udadisi, rangi 16, mipangilio ya kawaida. Kwa mbali alipendeza. Wateja huishia hapo, kwa mbali. Kisha nikabadili mwonekano uwe wa mistari mitupu, nikasogelea shingo.

Hapakuwa na shingo.

Hili ndilo ninaloshindwa kulieleza kwa upole, kwa hiyo nalieleza kwa urefu. Programu inapotresi haimwoni ndege. Inatafuta mpaka wa rangi na rangi, basi. Upande wa shingo uliopigwa na jua ulikuwa na weupe uleule wa anga, kwa hiyo nusu ya shingo na kipande cha anga vikawa umbo moja. Upande wenye kivuli ulifanana na matete, ukaungana na matete. Katikati kulibaki vipande kumi na kitu vya kijivu, kila kimoja kina kingo za kukwaruza kama gamba la mti, kwa sababu programu imefuatisha kwa uaminifu mkubwa ule uchafu ulioletwa na kubanwa kwa picha. Nilihesabu nukta za eneo hilo tu: 212. Mteja akisema "inua shingo kidogo, jina lipate nafasi," niinue nini? Nikivuta kipande hiki, anga linakuja nacho.

Yule niliyemchora kwa mkono wangu, humohumo kwenye programu, ana shingo ya nukta 9, mbele na nyuma zikijumlishwa. Shingo ya korongo ni zawadi kwa anayejifunza, maana ni herufi S iliyolegea. Unaweka nukta pale mpindo unapogeuka: chini ya taya, kwenye kifundo cha juu, kwenye tumbo la mpindo wa chini, na pale inapozama begani. Halafu vishikio, vile vijiti vinavyotoka kwenye nukta na kuuongoza mpindo. Kishikio kirefu kinaulainisha mpindo, kifupi kinaubana. Nukta za mbele na za nyuma usizipange sambamba kama vipandio vya ngazi, la sivyo shingo inageuka bomba la maji. Ya nyuma ianze kupinda mapema kidogo kuliko ya mbele. Kile kiasi kidogo cha tofauti ndicho kinachomfanya msomaji aone nyama na mfupa ndani ya rangi moja bapa.

Vitabu vya mafunzo vitakuambia nukta zikae kwenye ncha za mpindo, juu kabisa, chini kabisa, kushoto na kulia, na vishikio vilale au visimame wima. Hiyo ni kanuni nzuri sana kwa wanaotengeneza fonti. Mimi kwenye michoro naivunja kila siku, na nilitumia miaka kujiona mvivu kwa sababu hiyo. Manyoya ya mkia yanayochomoza kwa mshazari hayana haja ya nukta iliyosimama wima. Ila nikiwa na mstari unaonisumbua na sijui kwa nini, nairudia kanuni, na mara nyingi mstari unatulia. Kwa nini nyakati nyingine hautulii, nimeacha kuuliza. Nafuta, nachora upya.

(Kwa wanaopenda kubishana: hata duara mnalolichora humo si duara kamili. Mipindo minne ya aina hii haiwezi kulitoa. Vishikio vikiwa na urefu wa kama 0.5523 ya nusu kipenyo, kosa linabaki karibu asilimia 0.027. Kwa jua lenye nusu kipenyo cha milimita 50 hilo ni pungufu ya sehemu mbili za mia za milimita. Karatasi yenyewe haijanyooka kiasi hicho. Lakini nilipolijua nilikosa raha siku nzima.)

Kuna jamii nyingine ya watu, hawa hawatresi kabisa. Wanaichukua picha, wanaiweka ndani ya Illustrator, wanaihifadhi kama PDF au SVG, faili zinazoweza kubeba vekta, wananiletea: "Hii hapa vekta." Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia. Maji ukiyatia kwenye chupa ya mafuta hayageuki mafuta, na JPEG, yaani picha ya pikseli, ndani ya PDF ni JPEG. Namna ya kujua ni ileile: washa mwonekano wa mistari. Ukiona fremu moja ya mstatili, hakuna vekta humo.

Na mimi nimewahi kuliwa na mtego wa ndugu yake. Jalada langu la zamani, limechorwa lote kwa nukta, nikaliwekea kivuli chenye ukungu chini ya mtumbwi. Kwenye Inkscape ukungu wa namna hiyo ukiutoa kwenye PDF unageuzwa kuwa pikseli, na kwenye dirisha la kutolea kuna namba ya ubora wake. Niliiacha 96. Vitabu vikarudi, mistari yote mikali kama wembe, kivuli kimejaa vigae. Vekta yangu ilipasuka. Mteja hakuona, mimi mpaka leo nikikiona kitabu kile nakigeuza kifudifudi. Siku hizi vivuli nachora kama maumbo: tabaka tatu au nne za rangi zinazofifia, zenye kingo kali. Vinakaa vizuri zaidi na mchoro, na havina siri.

Kuna nyufa pia. Maumbo mawili yakipakana bila kupandana, kwenye skrini unaona kamstari keupe katikati hata kama nukta zao zimelingana kabisa. Kila umbo linalainishwa ukingo wake kivyake, rangi ya nyuma inachungulia. Wanaotresi huogopa sana wakikaona, na wana sababu, maana wana mipaka ya hivyo mamia. Usipange maumbo kama vigae vya sakafu. Weka umbo zima la ndege chini, kisha bawa juu yake, kivuli juu ya bawa. Kinachofunikwa kiendelee chini ya kinachofunika. Hilo tu.

Mengine nayapitia mbio, yameandikwa kila mahali. Upana wa mgongo wa kitabu unatokana na idadi ya kurasa na unene wa karatasi: kurasa 200 ni karatasi 100, zikiwa za milimita 0.1 unapata mgongo wa milimita 10, lakini usikisie, uliza wanaochapa kabla hujachora chochote kinachouvuka. Maandishi yageuze kuwa maumbo kwenye nakala ya kupeleka, huku nakala yenye maandishi yanayoharirika ukiitunza, kwa sababu jina la mwandishi LITAKOSEWA. Mistari ya msimbopau wa nyuma ya kitabu iwe wino mweusi mmoja, isiwe mchanganyiko wa wino nne. Lipunguze jalada hadi urefu wa kidole gumba ulitazame. Kama ndege amekuwa kinyesi cha ndege, rudi mezani.

Rangi siwezi kuzipitia mbio, na siwezi kujidai nazo pia. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu mwanga iliopewa, kwa hiyo ile bluu inayong'aa uliyoipenda usiku haipo kabisa kwenye wino nne za kuchapia. Vitabu vinasema geuza rangi za skrini ziwe za wino mwenyewe mapema, ukitumia wasifu sahihi wa mashine, yaani faili inayoeleza jinsi mashine hiyo inavyotoa rangi. Sawa. Mara nyingi huo wasifu sipewi. Kuna kazi nilizogeuza mwenyewe zikatoka na tope, na kuna nilizowaachia wachapaji zikatoka safi, kisha kinyume chake. Ninachofanya ni kuchagua tangu mwanzo rangi zisizoishi kwa mng'ao, na kuomba jaribio la kuchapwa kabla ya kazi yote. Nikinyimwa jaribio, nalala vibaya.

Nami kutresi natresi, nisije nikaonekana mnafiki. Jina la kitabu likiandikwa kwa brashi na wino kwenye karatasi, nalitia kwenye skana, nalitresi kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Potrace, programu ya kutresi ya Peter Selinger, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Inkscape, kwa kazi hiyo ni stadi kuliko mkono wangu. Tofauti ni kwamba hapo mchoro umekwisha kuchorwa na mtu. Maamuzi yote, nini kiwemo na nini kiachwe, yalifanyika kwenye karatasi. Picha ya simu haijaamua kitu. Imebeba kila tete.

Shaka moja imebaki, na hainipi usingizi mzuri. Huu wepesi wa nukta chache, rangi bapa, kingo kali, umetufanya majalada yetu yafanane. Ukiyapanga kumi unadhani yamekatwa na mkasi mmoja. Pengine yule mteja anapoing'ang'ania picha yake ya simu, anachokililia ni ile michirizi ya maji na matete yaliyochanganyikana, vitu ambavyo mimi nimevifagia nje kwa jina la usafi. Kwa huyu korongo nilirudisha matete saba, yaliyopinda ovyo, na mawili nikayapitisha mbele ya mguu. Jalada likapumua.

Nikamtumia. Akajibu baada ya saa moja: zuri, ila jina la kitabu limeongezwa neno, kwa hiyo shingo ishuke kidogo. Nikashika nukta mbili za kifundo cha juu, nikazivuta chini, kichwa kikafuata kwa kuwa nilikifunga pamoja nazo. Sekunde ishirini hivi. Nikamrudishia papo hapo.

"Umeona?" akaandika. "Si nilikwambia ni kubonyeza tu."