Je, wajua? Mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha nyoka huenda ni ya panya

Nyoka wa kufugwa akitapika mlo au akikonda, wa kwanza kulaumiwa ni minyoo. Kinyesi kinapelekwa kwa daktari wa mifugo, hadubini inaonyesha mayai, dawa inatolewa. Kumbe mayai yale pengine ni ya panya aliyeliwa.

Panya ana minyoo wake, na nyoka anapommeza mzima humeza na mizigo yote. Nyama na mifupa huyeyuka. Nywele hazisagiki, wala maganda ya mayai ya minyoo, hivyo hutoka vikiwa vizima. Hata utitiri wa manyoya ya panya huonekana kwenye kinyesi, jambo ambalo kwangu halichoshi kustaajabisha. Nyoka hapo ni njia, si makao.

Mayai yenyewe hutafutwa kwa chumvi. Chukua mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.03, maji ya bwawa yaliyokaribia kuganda chumvi hufika kilo 1.2. Yai la mnyoo liko katikati: baharini lingezama, bwawani lingeelea. Maabara hufanya hivyo ndani ya kichupa: kinyesi huvurugwa kwenye maji ya chumvi kali, uchafu mzito unatuama, mayai yanapanda hadi kwenye kigae cha kioo kilichowekwa juu. Ila mengine, kama ya minyoo bapa, ni mazito na hubaki chini, na minyoo hawatagi kila siku. Kwa hiyo kipimo kimoja kisichoonyesha mayai hakitoshi.

Kipimo hicho hakisemi yai ni la nani. Umbo husaidia: yai la Syphacia, mnyoo wa panya, ni bapa upande mmoja. La minyoo wa Capillaria ni gumu kuamua, kwani wapo wa panya na wapo wa nyoka. Njia ya busara ni kubadili chanzo cha panya, kisha kupima tena vinyesi vinavyofuata. Mayai yakitoweka bila dawa, yaelekea yalikuwa ya mlo.

Kwa nini usimpe dawa tu? Fenbendazoli, inayotumika sana kwa minyoo mviringo, imehusishwa na vifo vya nyoka waliozidishiwa dozi. Ndiyo maana nyoka hupimwa uzito kwanza, na kibanda husafishwa, la sivyo atajiambukiza upya. (Kenya, kumfuga kwenyewe kwahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori.)

Hatari zaidi ni kimelea cha Cryptosporidium serpentis, ambacho huvimbisha tumbo la nyoka na hakina dawa ya kutegemewa. Panya naye ana aina zake, nazo hupita kwenye nyoka vilevile. Hadubini haitoshi kuzitofautisha. Inahitajika kupima vinasaba. Kipimo hicho kisirukwe, kwa kuwa nyoka aliyethibitika kuugua mara nyingi hupendekezwa auawe asiambukize wenzake.