Stenti Iliyobanwa Tena: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Stenti imejaa mafuta tena, hukujitunza."

Kauli hii humbebesha mgonjwa mzigo usio wake. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia wazi mshipa uliobanwa. Puto linapoitanua ndani ya ateri ya moyo, ukuta wa mshipa hujeruhiwa, na mwili hulitibu jeraha hilo kwa kuotesha kovu. Kwa baadhi ya watu kovu hilo halijui kukoma. Seli za misuli laini huzaana, hupenya kwenye matundu ya wavu na kuibana njia ya damu, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Enzi za stenti za chuma kitupu, zisizo na dawa, hali hiyo iliwapata watu kama 20 hadi 30 katika kila 100, hasa wenye kisukari na wenye mishipa myembamba. Mafuta mapya huweza kujijenga humo, ndiyo, lakini hayo kwa kawaida huja baada ya miaka.

"Watang'oa ile mbovu waweke nyingine."

Haing'oki. Imeshamezwa na ukuta wa mshipa. Daktari hupitisha mrija kwenye kifundo cha mkono au kinena, akafikisha puto palepale penye kovu na kulijaza ili likandamize. Tatizo ni kwamba puto nalo linajeruhi, na jeraha jipya huita kovu jipya. Ndipo mionzi ilipopata kazi.

"Mionzi ni ya saratani: nywele zitanyonyoka, na wajukuu nisiwashike."

Hofu hii naielewa, neno lenyewe linatisha. Lakini tazama kinachofanyika. Baada ya puto kutolewa, mrija mwembamba huingizwa hadi kwenye stenti. Katika mtambo mmoja unaotumia strontiamu-90, madini yanayotoa miale ya beta, msururu wa vipande vidogo kuliko punje ya mchele husukumwa kwa maji safi ndani ya mrija huo uliofungwa, hutulia kwenye kovu kwa dakika chache, kisha maji huvirudisha kwenye chombo chake. Miale ya beta haifiki mbali, ni milimita chache tu, ila inatosha kuzivunja nguvu seli zinazotaka kuzaana. Kichwani haifiki, kwa hiyo nywele ziko salama. Na kwa kuwa hakuna kinachobaki mwilini, mgonjwa hatoi mionzi: wajukuu wapakatwe tu. Iridiamu-192, chanzo kingine cha mionzi, ni tofauti kidogo. Miale yake, ya aina ya gama, hupenya mbali na huchukua muda zaidi, hivyo wahudumu hutoka chumbani wakati inafanya kazi.

"Hiyo ndiyo tiba mpya kabisa."

Marekani iliiidhinisha mwaka 2000. Mwaka 2003 stenti zenye dawa ya kuzuia kovu zikaingia huko, na majaribio yaliyochapishwa 2006 yakaonyesha kwamba kuweka stenti ya dawa ndani ya ile iliyobanwa kunaishinda mionzi. Siku hizi kuna pia puto lililopakwa dawa. Mionzi imebaki kwenye vituo vichache, kwa wagonjwa ambao tayari wana stenti mbili au tatu zilizopandana mahali pamoja. Kuongeza chuma juu ya chuma hapo ni kuibana njia kwa mikono yetu wenyewe.

"Mshipa ukishafunguka, vidonge basi."

Hapa ndipo penye hatari. Mionzi inayozuia kovu huchelewesha pia ule utando laini unaopaswa kuufunika wavu. Chuma kilicho wazi huvuta damu igande, hata miezi mingi baadaye. Kovu hubana polepole, na dalili yake mara nyingi ni kifua kurudi kubana unapopanda ngazi. Donge la damu huziba kwa ghafla na huleta shambulio la moyo. Kwa sababu hiyo aspirini na klopidogreli, vidonge vya kuzuia damu kuganda, huendelea pamoja kwa mwaka mmoja au zaidi. Daktari wa meno akikuambia uziache kwanza ili ang'oe jino, mpigie simu daktari wa moyo kabla hujaruka hata kidonge kimoja.