Kilo haina maelewano: lumbesa, stika na mkataba wa mwaka 1875

Msimu wa viazi umeanza na malalamiko ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, yameanza nao. Wanunuzi wanatujibu sisi wakaguzi wa vipimo lile lile: "Mimi na mkulima tumekubaliana." Bei kubalianeni mtakavyo. Kilo ilishakubaliwa zamani.

Ilikubaliwa Paris, Mei 20, 1875, nchi 17 zilipotia saini Mkataba wa Mita. Viwanda na reli vilikuwa vimeshavuka mipaka, lakini ratili ya nchi moja haikuwa ratili ya jirani yake. Mwaka 1889 ukaidhinishwa mche mmoja wa duara wa metali, asilimia 90 platini na asilimia 10 iridi, kimo milimita 39 na upana milimita 39, unaenea kiganjani. Huo ndio ulikuwa kilo yenyewe. Ulifungiwa Sèvres, jirani na Paris, chini ya vifuniko vya kioo, ndani ya kasha lenye funguo tatu, nchi zikagawiwa nakala. Miaka mia moja baadaye nakala hizo zilipolinganishwa na mche wenyewe, baadhi zilionekana kupishana nao kwa takriban sehemu hamsini kati ya milioni za gramu moja, na wataalamu wakakosa usingizi. Huku kwetu mtu anashonea kichwa cha gunia jingine juu ya gunia, anajaza hadi kamba zinalia, kisha anatuuliza kosa liko wapi.

Tangu Mei 20, 2019 kilo inatokana na namba ya fizikia isiyobadilika, iitwayo namba ya Planck, si mche tena. Nyama ya buchani haikuongezeka wala kupungua.

Vipimo vya taifa viko maabara ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Wakala wa Vipimo wanakagua kwa mawe ya mizani yaliyolinganishwa na vipimo hivyo. Mizani ya biashara huhakikiwa angalau mara moja kwa mwaka. Afisa huangalia kwanza kama inasimama kwenye sufuri, hupandisha mawe kidogo kidogo hadi uwezo wa mwisho, huyashusha kwa mpangilio uleule, kisha huhamisha jiwe moja pembe hadi pembe za sahani. Ikifaulu inapigwa muhuri na kubandikwa stika. Ikifunguliwa kwa fundi, hata kwa springi moja, ihakikiwe upya kabla ya kuuzia. Stika ya awali haihesabiki. Na mizani ya digito huchezewa pia, tafadhali.

Anayekiuka Sheria ya Vipimo, Sura 340, anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Anayekiri anaweza kufifilishiwa kosa kwa kulipa faini bila kufika mahakamani. Kufifilisha si kusamehewa, na mizani mbovu haiendelei kutumika.

Ukitilia shaka, usiondoke na mzigo kwanza. Omba sahani iwe tupu, tazama sufuri, soma mwaka kwenye stika, mzigo upimwe tena mbele yako. Ukishafika nyumbani na kupika nusu, hatuna cha kupima.