Je, wajua? "Rahisi" na "ruksa" ni ndugu wa damu

Fika mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini, asubuhi ambayo ziwa limetoa dagaa, na mama muuzaji anakuita: "Leo rahisi, kaka, beba sado mbili," yaani makopo mawili ya kupimia. Rudi wiki mbili baadaye, mwezi mpevu: sado ile ile imepanda, na ukiuliza kulikoni, mama yule anakujibu, "Kuvua siyo rahisi mbalamwezi ikiwaka." Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukishamwaga mwanga ziwa zima, taa ya mvuvi haiwakusanyi tena.

Lakini sikiliza lile neno. Mara ya kwanza lilitaja bei, mara ya pili likataja kazi. Limewezaje?

Tumelitoa kwenye Kiarabu, rakhis, na huko ni hasa neno la bei. Mwarabu akitaka kusema kazi haina ugumu hutumia neno jingine, sahl, ambalo nasi tunalo, "sahali", ila mtaani utalisubiri sana. Mimi naona ni tabia ya lugha iliyotembea na biashara. Karne ya 19 Kiswahili kilipanda na misafara kutoka Bagamoyo, kikapita Tabora hadi Ujiji, na kwa mchuuzi kitu kinachopatikana bila jasho ndicho hicho hicho kinachoshuka bei. Muulize mama wa Kibirizi.

Utamu zaidi uko kwenye mzizi. Herufi zile tatu za Kiarabu zilizozaa rakhis zina harufu ya ulaini, na ndizo zilizozaa pia rukhsa, yaani "ruhusa" na "ruksa" zetu. Katika sheria ya Kiislamu, rukhsa ni nafuu: msafiri anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akalipa siku nyingine, na swala ya rakaa nne akaiswali mbili. Kwa maneno mengine, amerahisishiwa. Basi Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza nchi 1985 hadi 1995 na kufungua milango ya biashara, alipoitwa Mzee Ruksa, alibeba jina lenye undugu na bei za sokoni.

Waingereza wao walipita njia nyingine. Easy yao ilitoka Kifaransa cha kale, kwenye neno la raha na nafasi. Aliyekuwa easy alikuwa mtu aliyetulia, kazi ikafuata baadaye. Wajerumani wana leicht, nyepesi kwa uzito na nyepesi kwa ugumu, kama sisi tunavyosema "mtihani mwepesi".

Vijana siku hizi kitu rahisi wanakiita "mteremko". Mtu wa Kigoma halihitaji kufafanuliwa: kutoka mtaa wa Mwanga kushuka ziwani, miguu inajipeleka yenyewe. Kurudi, na sado mbili za dagaa mkononi, ni habari nyingine.