Ilani ya chama si kipimo cha maoni ya nchi nzima

Vijiweni Dar es Salaam, mazungumzo yakifika kwenye siasa za nje, wengi huamini kwamba chama kikubwa kikitoa msimamo kuhusu haki za mashoga, basi wananchi wa nchi ile ndivyo wanavyoona. Imani hii ina mantiki yake, kwani chama kinaishi kwa kura.

Tuitazame Marekani. Mwaka 1996, utafiti wa maoni ya wananchi ulionyesha asilimia 27 tu wakiunga mkono ndoa za jinsia moja kutambuliwa kisheria. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 70. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 2016, ilani ya Republican, kimojawapo cha vyama viwili vikuu, bado ilitetea ndoa ya mume na mke pekee, ilhali zaidi ya nusu ya wananchi walishakuwa na mtazamo mwingine. Ilani huandikwa na wajumbe wachache, na hao huwa na msimamo mkali kuliko mpiga kura wa kawaida. Maoni nayo hupanda na kushuka: miongoni mwa wafuasi wa chama hicho, uungaji mkono ulifika asilimia 55, kisha ukapungua.

Ukitumiwa takwimu kwenye simu, uliza: swali liliulizwaje, kwa watu wangapi, mwaka gani? Linganisha na miaka iliyotangulia. Ilani isome yenyewe, usitegemee kipande kilichokatwa.

Sheria ni jambo la tatu kabisa, tofauti na ilani na maoni ya wananchi. Kwetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kile kinachoitwa ngono kinyume na maumbile, kina asili ya utawala wa Waingereza, na adhabu yake ilikazwa mwaka 1998.