Je, vijiji vya Marekani vya karne ya 19 vilijitosheleza?

Wengi huamini kwamba familia za vijiji vya Marekani katika karne ya 19 zilifuma nguo zao, zilifua vyuma vyao, na hazikuhitaji duka. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kazi nyingi zilifanyika nyumbani. Hata hivyo, daftari za wenye maduka zilizosalia zinaonyesha wakulima wakichukua chai, sukari, misumari na vitambaa kwa mkopo, kisha wakilipa kwa siagi, mayai au nafaka baada ya mavuno, huku fedha taslimu ikionekana kwa nadra. Mhunzi naye hakuvisha farasi viatu vya chuma tu. Alitengeneza majembe na kuvika magurudumu pete za chuma. Fundi samani, mara nyingi, ndiye aliyechonga majeneza.

Anayetaka kuhakiki aanze na sensa ya 1850, ambayo kurasa zake zinasomeka mtandaoni, na ambayo iliandika kazi za wanaume huru waliozidi miaka 15. Asome kwa tahadhari: orodha yake ya viwanda iliacha karakana zilizozalisha chini ya dola 500 kwa mwaka, na wanawake washonaji, pengo kubwa zaidi kwa maoni yangu, hawakuulizwa kazi zao.