Kayaki ya papi si dau: acheni kuniagiza mvule

Mteja huyu ni wa tatu mwezi huu, kaja kuagiza kayaki, kile chombo chembamba cha kupigwa kasia. Kaingia karakanani, kashika papi, yaani ubao mwembamba mrefu, ya mwerezi mwekundu, kaibonyeza kwa ukucha, ukazama. "Fundi, hii si mbao, hii mkate wa boflo. Mie nitilie mvule."

Mbao nzito ndiyo chombo imara? Kwa dau, sawa. Pale mbao ndiyo mwili: inashika misumari, inasuguana na mchanga, inapambana na wadudu wa baharini. Kayaki ya papi ni mambo mengine. Papi zina unene wa milimita 6 tu, zimevikwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) nje na ndani. Ukiielemea, faiba ya upande mmoja inabanwa, ya upande wa pili inavutwa, na hizo ndizo zinazobeba mzigo. Mbao ya katikati kazi yake ni kuzitenganisha. Kazi hiyo haitaki ugumu, inataka wepesi, nyuzi zilizonyooka na mbao inayokubali kupinda.

Nilimpa kipande cha papi zilizogundishwa, shubiri kwa shubiri, hakijavikwa kitu. Akakivunja kwa goti, akacheka. Nikaweka chengine cha kipimo hicho hicho, chenye faiba pande zote mbili, juu ya matofali mawili. Panda. Akapanda na viatu vyake. Kikapinda kidogo, kikarudi. Akashuka, akaniuliza mvule bei gani.

Haya, tupige hesabu. Kayaki ya mita 5 na kitu ina ngozi ya kama mita 5 za mraba, na kwa unene ule wa milimita 6 ni lita 30 za mbao. Lita moja ya mwerezi mkavu ni gramu 370 hivi, ya mvule 640 hivi. Kilo 11 kwa 19. Hizo nane za ziada utazibeba wewe pale ufukwe wa Jambiani, Unguja, siku za bamvua, maji yakishakupwa. Si mimi.

Eti mwerezi ni mwerezi tu. Huu mwekundu ni wa magharibi ya Marekani na Kanada, wala hauna udugu wa karibu na ule wa Lebanoni. Mwangati wa Usambara nao watu huuita mwerezi. Unanukia vizuri, ila ni mzito zaidi na unapasuka ovyo. Ufanyie kalamu za risasi.

Mwerezi ukikosekana, msonobari wa Sao Hill unafaa, usiwe na vifundo tu.

"Mbao zitavimba, zitajiziba." Hiyo ni ya dau lenye kalafati, pamba ya kuziba mianya ya mbao! Hapa mbao ikinywa maji, faiba inabanduka. Mbao mbichi usinivushie mlango.

Papi fupi? Ziunge, ila viungo visikae mstari mmoja.

Na dukani usipime kibahili. Papi ni milimita 6, msumeno unakula 3, kwa hiyo ukihitaji mbao mbili, nunua tatu. Vumbi laini la msasa liweke kwenye kopo. Ukilikoroga na epoksi linaziba mianya, na rangi inakaribiana na ya mbao yako.